Jina Kabla ya Sindano

Kila Jumapili baada ya misa, Coleta alipita nyuma ya nyumba ya shemeji yake kuwatazama sisimizi.

Hakuna aliyemshangaa, kwa sababu njia ya kwenda kwake, ng'ambo ya kijito, ilipita hapo hapo, kando ya ukuta wa matofali ya kuchoma. Felisiani, shemeji mwenyewe, alikuwa na mazoea ya kusimama kwenye ukuta ule na kujisaidia haja ndogo, eti choo kiko mbali. Coleta alifika, akainama kama mtu anayetoa mwiba mguuni, akatazama. Mwezi wa tatu sisimizi walikuwa msururu mmoja mwembamba kutoka kwenye mizizi ya mkaratusi. Mwezi wa tano ilikuwa misururu mitatu, na udongo pale ukutani ulikuwa mweusi kwa wingi wao.

"Njooni," aliwaambia kimoyomoyo. "Njooni na wenzenu."

Kisha aliinuka, akajifunga vizuri kanga yake, akaenda zake. Coleta alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia, aliitikia huku akivitazama vidole vya miguu yake. Watu wa kijiji chao, Mollo, walisema ni ukimya wa mtu mwenye hatia. Yeye alijua ni ukimya wa mtu anayesubiri.

Alikuwa anasubiri tangu mwaka tisini, na sasa ulikuwa mwaka tisini na saba.

Mwaka ule wa tisini binti yake Jenifer alikuwa na miaka sita. Ilikuwa mwisho wa masika, wanawake wanapokata nyasi na kuzifukia kwa udongo kufanya yale matuta ya duara yanayoitwa ntumba. Jenifer alizoea kukaa juu ya tuta akiimba wakati mama yake analima. Msimu ule hakuimba. Alimaliza kibuyu cha maji kabla jua halijapanda, akaomba kingine. Alijikojolea kitandani, mtoto aliyekuwa ameshaacha zamani. Gauni lake la kanisani likawa linamwanguka mabegani. Na pale nyuma ya kihenge cha nafaka alipokuwa akichuchumaa, sisimizi walikuja.

Felisiani ndiye aliyekuwa kaka mkubwa wa Meshack, mume wa Coleta, na ndiye aliyekuwa na macho ya mjini. Miaka ya nyuma sukari ilikuwa kitu cha foleni. Ikipatikana, ilifichwa sandukuni ikimngoja mgonjwa au padri. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ruksa, Felisiani alipanda lori mpaka Tunduma, akarudi na sabuni, betri, kanga, na makopo ya glukosi. Akafungua duka Majengo, mjini. Alining'iniza koti jeupe msumarini, na akija mtu anayeumwa alilivaa kabla ya kumuuzia vidonge. Watu wakaanza kumwita Daktari. Hakuwakataza.

"Mtoto huyu ameishiwa nguvu," alisema alipomwona Jenifer. "Mkorogee hii. Vijiko vinne, mara tatu kwa siku. Ana bahati, wewe na mimi tulikuwa tunailamba sukari siku za sikukuu tu."

Coleta alikoroga. Alikoroga kwa moyo wote, kwa sababu hakuwahi kumpa mtoto wake kitu kizuri kama kile. Jenifer alikunywa mpaka akalamba kikombe. "Mama, ongeza," alisema. Coleta aliongeza.

Siku ya tisa mtoto alikuwa anahema kwa nguvu, na pumzi yake ilinukia kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Coleta alimbeba mgongoni kwenda hospitali kwa miguu. Walipofika Kizwite, mabati ya mjini yakiwa yanaonekana, alihisi mgongo umekuwa mzito ghafla. Hakugeuka kutazama. Alijua.

Siku ya kuvunja matanga Felisiani alisimama mbele ya ukoo. Alikuwa amelivaa lile koti.

"Dawa yangu imetoka kiwandani," alisema. "Haina kosa. Lakini nendeni nyuma ya kihenge mkatazame wale wadudu. Wadudu hawamfuati mtoto mwenye heri. Kuna mkono umewatuma, na mkono huo ulikuwa unalala naye kitanda kimoja."

Meshack alitazama chini. Hakusema ndiyo wala hapana, na mwaka uliofuata akaenda Mpanda, hakurudi. Coleta aliondoka siku ile ile na mkeka wake na jembe, akahamia kwenye nyumba ya marehemu mama yake ng'ambo ya kijito. Tangu hapo, jumuiya ilipokutana kusali na wakati wa kupeana amani ukafika, mikono ilimruka. Jina la Mama Jenifer nalo likafa. Waliomtaja walisema "yule". Mtoto mwenyewe hakutajwa kabisa, na wa kwanza kutomtaja alikuwa Felisiani.

Baadaye Coleta alipata kazi ya kufagia kwenye kituo cha afya cha masista huko mjini. Alikuwa ametimiza miaka miwili ya kazi pale aliposikia sauti ya mtoto ikiomba maji, ikimaliza, ikiomba tena. Alisimama na tambara la kudekia mkononi. Mfugaji mmoja, Mboje, aliyehamia bondeni na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, alikuwa amemleta binti yake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amemfunga kwa kitenge asianguke. Binti alikuwa mifupa mitupu. Pumzi yake ilinukia mapera.

Sista Cornelia alichovya kijiti chembamba kwenye mkojo wa mtoto, akahesabu kimya, akakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kichupa. "Kisukari," alisema. "Tunayo dawa. Haraka."

Wiki mbili baadaye binti yule alitoka kwa miguu yake akigombana na baba yake, anataka kukaa mbele ya baiskeli, si nyuma.

Coleta alimfuata Sista stoo. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aajiriwe. "Sista, ile ni nini?"

Sista alikaa juu ya boksi akamweleza. "Unajua siku ya mavuno, ulezi umejaa uwanjani lakini hakuna mtu wa kuuingiza kwenye kihenge? Nyumba inakufa njaa na chakula kiko mlangoni. Mwili wa mtoto yule una sukari tele kwenye damu, ila hauna wa kuiingiza ndani. Inazidi, inamwagika kwenye mkojo. Ndiyo maana sisimizi wanakuja. Ile sindano, insulini, ndiyo inayobeba."

"Na mtu akimpa glukosi?"

"Mtoto kama yule? Anamzidishia kile kile kinachomuua."

"Ni laana?"

"Ni ugonjwa, Coleta. Kama malaria. Hata mtoto wa padri angeupata, kama padri angekuwa na mtoto." Sista alicheka peke yake.

Coleta alirudi kudeki. Alideki sakafu ile ile mara tatu. Mpaka siku ile alikuwa na kilio tu, na nusu ya kilio hicho ilikuwa kujilaumu mwenyewe, kwa sababu kijiko kilikuwa mkononi mwake. Sasa alikuwa na mtu wa kumlaumu.

Hivyo alipowaona sisimizi kwenye ukuta wa Felisiani, miaka mingi baadaye, alielewa kabla ya yeyote. Sista alikuwa amemfundisha zaidi: kwa watu wazima kisukari huingia taratibu, kinaweza kukaa miaka kimenyamaza, kikila macho, figo na miguu. Kikigundulika mapema, mtu hupunguza vitu vitamu na ugali, hutembea, humeza vidonge, na anaishi. Coleta aliyafunga maneno hayo kwenye pindo la moyo wake, hakuyafungua.

Siku moja aliingia dukani Majengo kununua sabuni. Felisiani alikuwa amekaa juu ya kreti, amenenepa tumbo na kukonda mashavu, anaongea na vijana wawili.

"Haya, wenye mikono yao wamefika," alisema. "Funikeni chumvi."

Vijana walicheka. Felisiani alifungua soda, akaimaliza bila kuishusha, akafungua nyingine. "Kiu ya mwaka huu, mshikaji, sijui ni vumbi." Karibu naye kulikuwa na kopo la glukosi lenye kijiko ndani. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye doa la njano.

Coleta alipokea sabuni yake. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimtazama usoni.

"Ongeza nyingine, shemeji," alisema. "Umeishiwa nguvu."

Alitoka nje. Njia nzima mpaka Mollo alikuwa anatabasamu.

Angeendelea kusubiri hivyo mpaka siku ya kaburi, kama Fortunata asingekuja.

Fortunata alikuwa mke wa Felisiani. Alikuja alasiri, amebeba furushi, akasimama mlangoni bila kupiga hodi.

"Ameshaanza kusema ni mimi," alisema. "Kidonda hakiponi, macho yanamfifia, anasema nimemfanyia kitu. Jumatano jumuiya inasali kwetu. Ameita na ndugu zake. Anasema atawaonyesha sisimizi."

Coleta alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha.

"Ulinitemea mate pale kisimani," alisema.

"Nilikutemea."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, ndiyo."

"Sasa unakuja kwangu kutafuta nini?"

"Nimfuate nani mwingine?" Fortunata alikaa chini pale pale mlangoni. "Nani mwingine anaijua siku hiyo inavyokuwa?"

Coleta alipepeta mpaka mahindi yakaisha. Hakuwa na huruma, asingedanganya. Lakini jambo moja lilimchoma ambalo hakuwa amelifikiria. Felisiani akifa sasa, atakufa akiwa mtu aliyelogwa. Atazikwa na maua. Sisimizi watabaki wa uchawi, Fortunata atafukuzwa, na Jenifer atabaki milele mtoto aliyeuawa na mama yake. Kifo cha Felisiani kingemfaa Felisiani mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

"Rudisha furushi lako nyumbani," alimwambia Fortunata. "Jumatano nitakuja."

Jumatano watu ishirini walikaa uwanjani kwa Felisiani. Mzee Kasmir, mwenyekiti wa jumuiya, alisoma Injili, wakasali. Kisha Felisiani alisimama kwa mkongojo. Alikuwa amelivaa koti jeupe, ingawa sasa lilimpwaya.

"Ndugu zangu, mnaniona nilivyo," alianza. "Sina haja ya maneno mengi. Twende nyuma ya nyumba."

"Kabla hatujaenda," sauti ilisema.

Watu waligeuka. Wengine hawakuwa wameisikia sauti ile kwa miaka. Coleta alikuwa amesimama, kichupa cha vijiti alichopewa na Sista amekikaza kifuani.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele, amina," waliitikia, kwa mazoea tu.

"Shemeji ana mashahidi, ni sisimizi. Mimi naomba mashahidi waulizwe. Yeye akojoe kwenye kopo. Dada Fortunata naye kwenye lake. Tumwage pale kwenye mkaratusi, tuone wanamfuata nani."

Kulikuwa na vicheko na miguno. Felisiani alitabasamu, maana alijua sisimizi watamwendea yeye. "Sawa," alisema. "Leo kila mtu ataona."

"Leteni na kopo langu," alisema Mzee Kasmir. "Nijue kabisa kama na mimi ni mchawi, kabla sijafa."

Makopo matatu yalijazwa, kila mmoja kwa faragha yake. Kasmir alimwaga kidogo kutoka kila kopo, akaweka jiwe kwenye kila sehemu. Wakakaa kusali rozari. Fungu la kwanza, hakuna. La pili, sisimizi mmoja alifika kwa Fortunata, akazunguka, akaondoka. Walipomaliza la tatu msururu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye mizizi, ukapita jiwe la Kasmir, ukapita jiwe la Fortunata, ukaenda moja kwa moja kwenye jiwe la Felisiani.

"Si mnaona!" alisema Felisiani. "Wananifuata mimi. Wametumwa kwangu!"

Ndugu zake walinung'unika. Mmoja alimgeukia Fortunata.

"Shemeji," alisema Coleta, "dukani kwako ukiacha kopo la glukosi wazi, sisimizi hawaji?"

"Wanakuja. Wanapenda sukari."

"Nani amelilogea hilo kopo?"

Mzee Kasmir alianza kucheka, kisha akaacha.

Coleta alichovya kijiti kwenye kopo la Fortunata, akakizungusha watu wakione. Rangi haikubadilika. La Kasmir, vile vile. Kwenye la Felisiani kijiti kilibadilika mbele ya macho yao, kikaenda kikikolea mpaka kikawa kahawia kama udongo. Alikiweka kando ya rangi za kwenye kichupa, kwenye ile ya mwisho kabisa.

"Hii ni sukari," alisema. "Inatoka kwenye damu yake. Ugonjwa wenyewe unaitwa kisukari. Hautumwi na mtu. Una dawa, na akiendelea kunywa glukosi atakufa."

Angeweza kuishia hapo akakaa. Hakukaa.

"Mwaka tisini walikuwa nyuma ya kihenge changu, hawa hawa. Mtoto wangu alikuwa na kiu hii hii. Huyu akamwandikia vijiko vinne mara tatu. Halafu akasema mkono ni wangu."

Upepo ulipeperusha pindo la lile koti. Fortunata aliinuka kutoka kwenye mkeka, akamwendea Coleta, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, vile watu wanavyopeana amani.

"Mama Jenifer," alisema.

Felisiani aliingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake walimpeleka kwa masista. Kulikuwa na kimashine kipya, kidogo kama kiberiti kikubwa, kilicholetwa mwaka ule: tone moja la damu ya kidoleni, unahesabu kidogo, namba inatokea. Kwa Felisiani namba haikutokea. Zilitokea herufi mbili tu, za kusema sukari imepita uwezo wa kipimo. Walimkata kidole gumba cha mguu kuokoa mguu. Sista alisema vidonge havitatosha, atahitaji sindano ya insulini kila asubuhi.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana Felisiani hakuona vizuri na mkono wake ulitetemeka. Fortunata alikataa. "Nimchome sindano mtu aliyeniita mchawi? Akifa mtasema nimemchoma sumu." Ndugu zake walikataa mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu hiyo hiyo kwa maneno tofauti. Alikuwa amewafundisha vizuri kuogopa kunyooshewa kidole. Ukoo mzima hakukuwa na mtu ambaye jina lake lingevumilia kuwa karibu na kifo cha Felisiani.

Isipokuwa mmoja, ambaye jina lake lilikuwa limeshaharibiwa zamani.

Sista alimfundisha Coleta kwa siku mbili, akimzoeza kuchoma sindano kwenye papai bichi. Kichupa cha dawa hakitaki joto, kwa hiyo Coleta alikiweka ndani ya chungu kidogo, akakizika nusu kwenye mchanga wenye unyevu kwenye kona ya nyumba yake. "Dawa haitembei," aliwaambia ndugu. "Mgonjwa atembee. Ni sehemu ya tiba."

Asubuhi ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unakata masikio. Felisiani alifika kabla jua halijatoka, amevuka kijito kwa mkongojo.

"Hodi," alisema.

Coleta alikuwa anachochea moto.

"Hodi, shemeji."

Aliongeza kuni.

"Hodi! Kuna baridi!"

"Karibu," alisema Coleta. "Kaa."

Alikaa kwenye kigoda, akapandisha shati. Coleta alivuta dawa kwenye bomba, akapiga piga kwa kucha kutoa hewa. Halafu akasimama na sindano mkononi, hakusogea.

"Jina kwanza, shemeji."

"Jina gani?"

"Unalijua."

Felisiani alitazama moto. "Hata wewe ulikoroga," alisema mwishowe. "Kijiko kilikuwa mkononi mwako."

"Nilikoroga. Ndiyo maana mimi nalitaja kila siku kwa miaka saba. Sasa ni zamu yako."

Nje jogoo aliwika, na uji ukaanza kuchemka. Coleta hakuwa na haraka yoyote duniani.

"Jenifer," alisema Felisiani.

"Na alikufa kwa nini?"

"Kwa kisukari."

"Nani alimpa glukosi?"

"Mimi."

"Nani alimloga?"

"Hakuna aliyemloga."

Ndipo Coleta alipoikunja ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, taratibu, kama Sista alivyomwonyesha, akaingiza sindano. Hakumuumiza. Alimpa uji bila sukari, akamvua kiatu, akatazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole kama kuna jeraha jipya, akamkumbusha kupunguza ugali na asiiguse soda.

Sista alikuwa amemwambia kwamba mtu wa miaka hamsini anayefuata masharti anaweza kufika themanini. Coleta alihesabu asubuhi zote za miaka hiyo thelathini, akashindwa zilivyo nyingi. Hakuna mtu Mollo nzima aliyemwombea Felisiani maisha marefu kama yeye.

"Kesho usichelewe, shemeji," alisema, akamfungulia mlango.